Madume Saba Waliovuka Ukingo wa Ngorongoro

Mwishoni mwa 1961, baada ya ukame mkali, mvua zilianza kunyesha Ngorongoro na zikaendelea mpaka katikati ya 1962. Mabwawa yalijaa, nyasi zikarefuka, na kwenye samadi mbichi na majani yaliyooza wakazaliana nzi wang'atao kwa wingi usio wa kawaida. Ni nzi wa jamii ya Stomoxys. Kwa umbo mtu anaweza kumdhania nzi wa nyumbani, mpaka nzi huyo amguse: mdomo wake hutoboa ngozi na kunyonya damu. Mwaka ule waliwaandama simba wa kreta.

Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa eneo hilo, aliweka kumbukumbu za aliyoyaona. Simba walikonda, miili ikajaa vidonda na mabaka yasiyo na manyoya, na nguvu za kuwinda zikawaishia. Baadhi walipanda miti kuwakimbia nzi. Wengine, wafalme wa nyika, walijibanza ndani ya mashimo ya fisi. Kabla ya balaa hilo, ndani ya kreta walikuwapo simba kati ya 60 na 75. Lilipopita walibaki kumi: majike tisa na dume mmoja.

Ningetaka kuifuata njia ya damu ya simba hao kumi, kwa sababu ni mojawapo ya nasaba za wanyama wa porini zilizochunguzwa kwa makini sana duniani, na funzo lake linapingana na namna wengi wetu tulivyozoea kuitazama Ngorongoro.

Kutoka Karatu barabara inapita kati ya mashamba, inafika lango la Lodoare, kisha inaanza kupanda msituni kwenye miti iliyoota kuvu na ndevu za ukungu. Juu ya ukingo, kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, magari yote husimama mahali pale pale. Chini, mita 600 hivi, imetandazwa sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, imezungukwa na kuta pande zote. Mtazamo huo ndio uliojaa kwenye kadi za posta na vitabu vya watalii, na ndio unaopotosha. Ukiwa pale juu huoni shida kuamini kwamba kreta ni chungu, na kilichomo kimo tangu enzi, hakitoki wala hakiongezwi.

Historia ya watu inakanusha jambo hilo mapema. Wadatoga walichunga mifugo yao sakafuni kabla ya Wamaasai kuwasukuma kuelekea Ziwa Eyasi katika karne ya 19. Machi 1892 akashuka Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria. Baadaye ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, wakajenga mashamba yao humo, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ili wafugaji na wanyamapori waishi katika ardhi moja, na mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa na maboma sakafuni walitakiwa kuhama na kupanda juu. Kila kizazi kina walioingia na walioondolewa.

Simba nao wana historia ya namna hiyo. Hawakuacha nyaraka wala magofu. Walichoacha ni vinasaba, na picha.

Picha zinastahili maelezo. Utafiti wa simba wa Serengeti ulianzishwa na George Schaller mwaka 1966, watafiti wakapokezana kijiti, na mwaka 1978 ukawa mikononi mwa Craig Packer na Anne Pusey. Walipougeukia ukoo wa kreta, walikuta pengo: ni nani aliyemzaa nani katika miaka ya 1960, wakati wahusika wote walikuwa wamekwisha kufa? Jibu lilikuwa limetawanyika katika kabati na masanduku ya watu waliowahi kutembelea kreta wakiwa na kamera. Simba ana vidoa vyeusi mahali sharubu zinapochomoza, na mpangilio wa vidoa vya safu ya juu haubadiliki tangu utotoni hadi anapokufa. Watafiti Pennycuick na Rudnai walikwisha kuonyesha mwaka 1970 kwamba vidoa hivyo vinatosha kumtambua simba mmoja mmoja. Picha ya mtalii aliyetaka ukumbusho tu, ikiwa na shavu la simba lililoonekana vizuri na tarehe nyuma yake, ikageuka cheti cha kuzaliwa.

Watafiti walikusanya picha hizo kutoka kwa wageni wa miaka mingi, wakazilinganisha, wakarudi nyuma kizazi kwa kizazi. Ndipo walipowaona madume saba. Mwaka 1964 na 1965, miaka miwili au mitatu baada ya balaa la nzi, madume hao waliingia kreta kutoka nje. Dume mmoja aliyenusurika hangeweza peke yake kuwajengea majike tisa ukoo wenye afya. Watoto wote wangekuwa ndugu wa baba mmoja, na wajukuu wangeoana wenyewe kwa wenyewe. Wageni wale saba ndio walioleta damu nyingine. Kufikia 1975 idadi ya simba ilikuwa imepanda tena, na kwa miaka kadhaa ikawa inachezea kati ya 75 na 125. Lakini hesabu ya nasaba ilionyesha kwamba kundi lote hilo lilikuwa uzao wa simba 15 tu, maana si kila aliyekuwapo aliacha mtoto aliyekua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa simba methali hiyo ni ya kweli, ila mgeni wao hapigi hodi. Dume kijana hufukuzwa kwao akiwa na umri wa miaka miwili hadi minne, huzurura, huungana na ndugu zake, kisha hutafuta kundi la majike lenye walinzi dhaifu na kulipigania. Akishinda huwaua watoto wadogo aliowakuta, ili majike warudi kwenye joto na kumzalia wake. Utawala wake mara nyingi haufiki miaka mitatu kabla hajaondolewa kwa njia ile ile aliyoingilia. Utaratibu huu ni katili, lakini ndio unaozungusha damu porini: binti hubaki kwao, mwana huenda mbali.

Wale saba walipoingia, karibu hawakuwa na wa kupigana naye. Balaa ndilo lililowafungulia mlango, kisha wao na wana wao wakaufunga. Baada ya mwaka 1969 watafiti hawakupata dalili ya dume mwingine yeyote kutoka nje aliyefanikiwa kuingia na kuzaa, mpaka walipochapisha matokeo yao mwaka 1991.

Kwa nini? Hapa ndipo dhana ya chungu inapovunjika. Kuta za kreta hazimshindi simba. Hupanda na kushuka kama nyati na tembo wanavyofanya. Kizuizi cha kwanza kilikuwa neema. Sakafu ya Ngorongoro ina nyumbu, pundamilia na nyati mwaka mzima, tofauti na nyanda za Serengeti ambako mawindo huja na mvua na kuondoka nayo. Watoto wengi zaidi wa simba walikua pamoja, na wale wa kiume wakatoka katika makundi makubwa ya ndugu na binamu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Packer, Pusey, O'Brien na wenzao mwaka huo huo wa 1991 ulionyesha kwamba madume wawili au watatu wanaweza kuungana bila kuwa ndugu, lakini muungano mkubwa huwa wa ndugu, kwa sababu ndani yake wapo wasiopata kuzaa. Heri kumpigania kaka kuliko mtu baki. Mgeni mmoja au wawili wenye njaa, waliotoka safari ndefu, wangewezaje kulikabili jeshi la familia lililoshiba? Shibe ile ile iliyoijaza kreta simba ndiyo iliyowaoza wao kwa wao.

Gharama yake ilipimwa maabara. Mwaka 1987 Stephen O'Brien, David Wildt na wenzao walilinganisha simba wa sehemu tatu: Serengeti, kreta ya Ngorongoro, na Gir huko Gujarat, India. Katika damu walitafuta ni kwa kiasi gani simba mmoja anatofautiana na mwenzake. Serengeti walitofautiana sana, kreta kidogo, Gir hawakuonyesha tofauti yoyote katika protini zilizopimwa. Kisha wakaangalia mbegu za kiume kwa darubini. Kwa simba wa Serengeti, takribani robo ya mbegu zilikuwa na kasoro za umbo. Kwa wa kreta ilikuwa kama nusu. Kwa wa Gir, karibu thuluthi mbili. Makundi hayo matatu yalipangika kama ngazi, na kilichowapandisha au kuwashusha ni muda waliokaa bila wageni.

Kisa cha Gir kinaonyesha mwisho wa ngazi hiyo. Simba waliwahi kuenea kutoka Afrika Kaskazini, wakapita Mashariki ya Kati na Uajemi, hadi India ya kaskazini. Bunduki na mashamba viliwafuta kote huko, isipokuwa katika msitu mmoja uliokuwa himaya ya nawabu wa Junagadh, aliyewapa ulinzi walipokuwa wamebaki wachache mno. Ulinzi ulizaa matunda: hesabu ya mwaka 2020 ilitaja simba 674. Lakini hakuna kundi jingine la simba wa porini Asia nzima ambalo dume lake lingeweza kufika Gir kwa miguu. Mwaka 2018 ugonjwa wa distempa ulipoingia huko, simba zaidi ya 20 walikufa katika muda mfupi, na wataalamu wakakumbushwa kwamba idadi kubwa si sawa na usalama, pale ambapo wote wanafanana damu.

Vinasaba vimeturudisha nyuma zaidi ya hapo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliosoma jenomu za simba 20, wakiwamo walio hai, wale wa milima ya Atlasi na wa Rasi ya Afrika Kusini waliokwisha kutoweka, na hata simba wa mapangoni waliohifadhiwa na barafu ya kaskazini. Simba wa mapangoni na simba wetu waliachana takribani miaka 500,000 iliyopita. Simba wa leo nao walikwisha kugawanyika miaka kama 70,000 iliyopita katika matawi mawili, la kaskazini na la kusini. Matokeo yake yanashangaza anayetazama ramani: simba wa Senegal ana udugu wa karibu zaidi na wa Gir kuliko na wa Ngorongoro, ingawa huyo wa Gir yuko ng'ambo ya bahari. Simba wa kreta ni wa tawi la kusini, pamoja na ndugu zake wa Kalahari na Kruger. Hata kabla ya utafiti huo, mwaka 2017, wataalamu wa paka wa mwituni walikuwa wameweka kando majina mengi ya zamani, likiwamo lile la simba wa Kimaasai kama jamii ya peke yake, wakabakiza jamii ndogo mbili tu.

Maana ya jambo hili kwa Ngorongoro ni moja. Kwa maelfu ya miaka simba wa Afrika Mashariki na Kusini hawakuishi katika visiwa. Dume wa hapa alizaa kule, mwanawe akaenda mbele zaidi, na damu ikasafiri mbali kuliko mguu wa simba yeyote mmoja. Hali ya kreta tunayoidhania ya asili ni ya juzi, na kwa sehemu kubwa tumeisababisha wenyewe.

Nyakati za ugonjwa ndizo zinazoonyesha tofauti. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyotokana na mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama 1,000 kati ya 3,000. Mwaka 2001 distempa ilipiga kreta. Uchunguzi wa baadaye uligundua kwamba virusi havikuwa peke yao. Ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliowala nyati hao wakapata vimelea vya damu vya babesia kwa wingi kupindukia. Distempa ikavunja kinga, babesia ikamaliza kazi. Serengeti, kundi kubwa lenye damu mchanganyiko na majirani wa kuziba mapengo, lilirudi katika hali yake kwa miaka michache. Kreta ilibaki chini. Mwaka 2004 Bernard Kissui na Packer walionyesha kwamba chakula hakikuwa tatizo, kwani mawindo yalikuwapo tele. Magonjwa ya 1962, 1994, 1997 na 2001 ndiyo yaliyokuwa yakiikata idadi kila ilipotaka kunyanyuka. Swali la kama uhaba wa tofauti za vinasaba ndio uliowafanya wawe wepesi kuugua bado linajadiliwa, lakini hakuna mtafiti anayebishia kwamba kundi dogo lililojifungia lina akiba ndogo.

Basi njia ya wale saba huenda ilipita wapi? Ukipanda kutoka sakafuni na kuelekea magharibi, unaliacha bonde la Malanja, ambako wakati wa mvua mbuzi na pundamilia hulisha bega kwa bega, unateremka taratibu nchi inapokauka, unapita Olduvai na miti yake ya miiba, na mwisho unafika Ndutu, mahali nyumbu huzalia mwanzoni mwa mwaka. Kwa dume kijana aliyefukuzwa kwao, hiyo ni safari ya usiku kadhaa. Hakuna ukuta, mto mkubwa wala msitu wa kumzuia. Kuna watu.

Maboma ya Wamaasai yako njia nzima, na yana haki ya kuwapo, kwani Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959 kwa ahadi hiyo. Simba anayepita hapo usiku ananusa ng'ombe wa mtu. Hapo zamani morani walitafuta sifa kwa olamayio, uwindaji wa simba kwa mikuki. Baadaye, sababu kubwa zaidi ikawa kulipiza kisasi mifugo inapoliwa, na siku hizi sumu nayo huua simba. Dume anayekufa karibu na boma hajulikani na watalii, hana jina kwenye vitabu vya waongoza watalii, na kifo chake hakipunguzi hesabu ya simba wa kreta hata kwa mmoja. Lakini pengine yeye ndiye angekuwa wa nane.

Kwa sababu hiyo kazi yenye maana kubwa kwa vinasaba vya kreta inafanyika nje yake. Tangu 2011 mradi wa KopeLion umekuwa ukiwaajiri wenyeji, wengi wao vijana wa Kimaasai waliokulia wakiwafahamu simba kwa nyayo, kuwa walinzi wanaoitwa ilchokuti. Huwafuata simba wanaozurura nje, huwaonya wachungaji kabla hawajapeleka ng'ombe mahali simba walipolala, hutafuta mifugo iliyopotea kabla giza halijaingia, hushona upya maboma yaliyolegea, huwauguza ng'ombe waliojeruhiwa, na huwatuliza morani pale hasira inapopanda. Lengo ni kuufanya ushoroba kati ya Ndutu na kreta upitike tena. Kijana anayemzuia mwenzake asirushe mkuki huko Malanja huenda anafanya zaidi kwa ukoo wa simba wa kreta kuliko msafara mzima wa magari sakafuni.

Hilo halifuti gharama. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu hafarijiwi na habari za mbegu zenye kasoro. Na tangu 2022, serikali ilipoanza kuzihamishia baadhi ya familia Msomera, wilayani Handeni, mjadala kuhusu nani akae Ngorongoro na kwa masharti gani umekuwa mkali na wenye machungu. Kuna wanaodhani jibu la simba ni kuwaondoa watu. Historia ya madume saba haiungi mkono jibu hilo kirahisi: walivuka mwaka 1964 na 1965, miaka ambayo Wamaasai walikuwa bado wanaishi na mifugo yao juu na hata ndani ya kreta. Kilichowaruhusu kupita ni kwamba nchi ya katikati ilikuwa bado inawastahimili, na kwamba ndani palikuwa na nafasi.

Ngorongoro imezoea kutangazwa kwa wingi wa kilichomo: simba wangapi, faru wangapi, nyati wangapi kwa kilomita ya mraba. Hesabu hizo zinafaa kuuzia tiketi. Kwa mtu anayetaka kujua kama simba wa kreta watakuwapo baada ya miaka mia, swali ni jingine, na linaweza kujibiwa kwa mbinu zile zile za vidoa vya sharubu na vinasaba: katika kizazi hiki, ni madume wangapi waliozaliwa nje wameingia wakazaa ndani? Jibu likiwa sifuri, kundi la simba 100 linaloonekana kunawiri liko hatarini. Likiwa watatu au wanne, hata kundi la 50 lina matumaini. Bajeti ya uhifadhi, doria za askari na fidia za mifugo zingepangwa kwa kufuata hesabu hiyo, fedha nyingi zaidi zingepanda juu ya ukingo na kuelekea magharibi, kwenye ile nchi kavu kati ya Malanja na Ndutu ambayo magari ya watalii huipita kwa kasi huku abiria wakisinzia.